Sanaa Ndani ya Somo

Siku ya shule hugawanywa kama samaki sokoni. Hisabati hupewa kichwa, maana ndiyo inayoheshimiwa zaidi. Lugha hupewa mgongo. Sayansi, jiografia na historia hugawana ubavu. Na sanaa hupewa mkia. Mkia wenyewe hauna hakika ya kufika jikoni. Mtihani ukikaribia, mgeni akija, au wakati ukipungua kwa sababu yoyote, kipande kikatwacho kwanza ni kuimba, kuchora, kusuka na kuigiza. Hakuna mzazi aendaye kulalamika kwa jambo hilo, na walimu wengi hawaoni kuwa kuna kitu kilichopotea.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi; kwanza wa shule za msingi katika mkoa wa Tanga, kisha wa sekondari, na sasa nawafundisha vijana ambao wao wenyewe watakuwa walimu. Nimeisikia sanaa ikitetewa mara nyingi, na aghalabu imetetewa vibaya. Watetezi wake husema kuwa huwaburudisha watoto baada ya kazi ngumu, huwafanya waipende shule, na huipamba siku ya wazazi. Maneno haya ni ya kweli, lakini yanaiacha sanaa palepale kwenye mkia. Kwani kitu ambacho kazi yake ni kuburudisha huweza kungoja, na kitu kiwezacho kungoja hungojeshwa milele. Katika insha hii nataka kutoa hoja nyingine. Nataka kusema kwamba sanaa ni njia mojawapo ya kujua. Kwamba mahali pake ni ndani ya hisabati, sayansi, jiografia na historia, kila siku. Na kwamba kuna kipimo ambacho mwalimu aweza kukitumia kupambanua sanaa iliyo ndani ya somo na sanaa iliyobandikwa juu yake.

Neno sanaa limepungukiwa na maana siku hizi. Wengi walisikiapo hufikiri jukwaa, kipaza sauti na watu mashuhuri. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kazi ya ufundi. Mjenzi wa jahazi, mchonga nakshi za milango, msusi wa ukili, mfinyanzi, mpiga ngoma na mtunzi wa mashairi wote wamo. Kila mmoja wao hufanya kitu kwa mkono, kwa sauti, au kwa lugha, chini ya sheria ambazo haziwezi kuvunjwa bila ya kitu chenyewe kuharibika. Maana hii ya zamani ndiyo niishikayo hapa, kwa sababu hailitengi tendo la uzuri na tendo la akili.

Sehemu kubwa ya elimu ya pwani yetu, na ya bahari iliyotuunganisha na watu wengine, ilisafiri ndani ya sanaa. Ahmad ibn Majid, baharia wa Uarabuni wa karne ya 15, aliandika elimu ya nyota, pepo na bandari kwa mashairi, na utungo wake mmoja uitwao Sufaliyya unahusu njia ya kuja pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala. Hakutunga kwa kukosa kazi. Nahodha aliye kwenye usukani usiku hana mkono wala mwanga wa kufungulia kitabu. Ahitaji ubeti ulio kichwani. Katika vyuo vya pwani wanafunzi wamejifunza sarufi ya Kiarabu katika Alfiya ya Ibn Malik, ambayo ni beti zipatazo elfu moja. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimwusia binti yake mambo ya dini, ya nyumba na ya kuishi na watu kwa utenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhry alivisimulia kwa utenzi vita vya watu wa Mrima na Wajerumani vya mwaka 1888 na 1889, na mwandishi wa historia ya vita vile hawezi kuupita utenzi huo bila ya kuusoma.

Ng'ambo nako wapo waliofikiri vivyo hivyo. Rabindranath Tagore alipofungua shule yake Santiniketan mwaka 1901, nyimbo na uchoraji vilikuja kuwa sehemu ya maisha ya kila siku ya wanafunzi wake. Herbert Read, katika kitabu chake cha mwaka 1943 juu ya elimu kwa njia ya sanaa, alilifufua neno la kale la Plato kwamba sanaa yafaa kuwa msingi wa elimu. Nawataja hawa ili ionekane kuwa jambo hili si ndoto ya mtu mmoja. Lakini hoja yangu haisimami juu ya majina yao. Yasimama juu ya mambo yaonekanayo darasani.

Hata hivyo, haifai kuwatumia wazee wetu kama ngao. Kuna wimbo uhifadhishao, na kuna wimbo ufahamishao, na viwili hivi si kitu kimoja. Nimeingia katika madarasa mengi ambamo jedwali la kuzidisha huimbwa. Watoto huliimba kwa furaha, na mwalimu hupiga meza kwa rula ili wasiachane. Umwulizapo mmoja wao 7 mara 8 ni ngapi, hufumba macho, huanza na 7 mara 1, na hupanda ngazi yote kimya kimya mpaka afike. Siku moja nililisikia darasa zima likiimba kwamba 6 mara 7 ni arobaini na nane. Sauti zilikuwa nzuri, na wimbo haukuyumba hata kidogo, kwa kuwa "arobaini na nane" na "arobaini na mbili" zina mizani sawasawa. Uongo ulikaa katika wimbo kwa raha kama ambavyo ukweli ungalikaa.

Mfano huo ndio unaonipa kipimo nilichokiahidi. Sanaa imo ndani ya somo pale ambapo kosa la sanaa ni kosa la somo, na kosa la somo ni kosa la sanaa. Ikiwa mtoto aweza kuimba vizuri na kukosea hesabu, basi wimbo ule ni nguo iliyovikwa hesabu. Unaweza kuvuliwa na hesabu isihisi baridi. Lakini ikiwa hesabu ikikosewa wimbo nao huvunjika, basi hivyo viwili vimekuwa mwili mmoja, na sikio la mtoto limekuwa mwalimu wa pili darasani.

Nitatoa mifano, nikianza na hisabati, kwa kuwa ndiyo inayodhaniwa kuwa mbali kabisa na sanaa. Kila mwalimu wa darasa la tano au la sita aijua shida ya Kigawe Kidogo cha Shirika. Mtoto akiulizwa K.D.S. ya 4 na 6, huzidisha 4 kwa 6 na kuandika 24. Husahihishwa kwa wino mwekundu, huonyeshwa njia ya kugawanya kwa namba tasa, huifuata njia hiyo bila ya kujua inakokwenda, na wiki ya pili huandika 24 tena. Katika darasa moja lenye watoto zaidi ya 80, ambamo hapakuwa na zana yoyote ila ubao na chaki, niliwagawa watoto makundi mawili. Wote walihesabu kwa sauti ya chini na kwa mwendo mmoja. Kundi la kwanza lilipiga kofi kila hesabu ya 4. Kundi la pili lilipiga kofi kila hesabu ya 6. Makofi yalipishana, yakapishana, kisha yakagongana pamoja kwenye 12 kwa kishindo ambacho hakuna aliyeweza kutokisikia. Yaligongana tena kwenye 24. Waliokuwa wameandika 24 wakafahamu kwamba jawabu lao halikuwa uongo, bali lilichelewa. Walikuwa wamengoja makutano ya pili, hali ya kwanza yalikwisha kupita. Tulipojaribu 3 na 4, makofi hayakukutana kabla ya 12, ambayo ni 3 mara 4. Ndipo msichana mmoja alipouliza kwa nini namba nyingine hukutana mapema na nyingine hungoja mpaka mwisho. Swali hilo ndilo somo lenyewe, na jawabu lake, kwamba 4 na 6 zina kigawo cha shirika na 3 na 4 hazina isipokuwa 1, lilipokewa kama jawabu la jambo lililowasumbua wao, si kama kanuni ya kitabu.

Mtoto aliyekosea kuhesabu siku ile alilivunja pigo, na jirani zake walimsikia kabla yangu. Wapiga ngoma wetu, wapigao tatu juu ya mbili tangu utoto, wana maarifa haya mikononi mwao. Kazi ya shule ni kuyatoa mikononi na kuyatia katika maneno na alama. Mkaguzi mmoja aliyepita siku hiyo aliandika katika taarifa yake kwamba darasa lilikuwa na kelele. Aliandika kweli. Hakuandika kelele ile ilikuwa ikisema nini.

Ushairi nao ni hesabu iliyo hai. Ubeti wa shairi la kawaida una mishororo 4, na kila mshororo una mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao. Mtoto ajifunzaye nusu na robo aweza kuanza hapo: kipande ni nusu ya mshororo, mshororo ni robo ya ubeti, na kipande ni sehemu moja ya nane ya ubeti. Ubeti mzima una mizani 64, na ubeti wa utenzi una 32. Nilipowaeleza wanafunzi wangu haya, mvulana mmoja alinyanyua mkono akasema kwamba bao lina mashimo 32 na kete 64. Sisemi kwamba mshairi na mcheza bao walipatana kwa siri. Namba hizi huzaliwa popote pale ambapo watu hukunja vitu mara mbili na mara mbili tena. Lakini tangu siku ile darasa halikuhitaji kuambiwa kwamba 2 ikizidishwa kwa nafsi yake mara kwa mara huleta 4, 8, 16, 32 na 64. Walikuwa nayo katika mashairi na katika mchezo wa babu zao, wala hapana aliyekuwa amewaambia kwamba mambo hayo yaitwa hisabati.

Kadhalika mkeka. Wanawake wengi wa pwani husuka ukili kwanza, kisha huushona mistari kwa mistari mpaka mkeka utimie upana. Niliwatuma watoto wakawaulize bibi zao: ukili wenye upana wa sentimeta 8 utahitajiwa urefu gani kwa mkeka wenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimeta 120? Darasani tulipata mistari 15 ya mita 2, yaani mita 30. Bibi mmoja, ambaye hakupata kusoma shule, alijibu kwa kupima mikono hewani kwamba utatosha ukili wa pima 17. Pima moja ni karibu na mita 1 na sentimeta 80. Basi pima 17 hupita mita 30 kidogo, na ziada ile alisema ni ya kufungia pembe. Watoto waliorudi na jibu hilo walijua maana ya eneo, na walijua pia jambo lisiloandikwa katika muhtasari wa somo: kwamba nyumbani kwao kuna akili.

Katika sayansi, sanaa inayofaa kuliko zote ni kuchora; nami nasema kuchora kitu kilicho mbele ya macho, si kunakili picha ya ubaoni. Waambie wanafunzi wachore jani la mahindi bila ya kulitazama. Wengi watachora mshipa mmoja wa katikati na vijishipa vitokavyo pande mbili na kusukana kama wavu, kwa sababu hivyo ndivyo wachoravyo kila jani. Kisha wape jani lenyewe. Mkono huanza kuchora wavu, na jicho huuzuia. Mishipa ya jani la mahindi hukimbia sambamba toka chini hadi nchani. Weka kando yake jani la mwembe, ambalo mishipa yake ni wavu kweli, na umekwisha kuingia katika tofauti kubwa ya mimea ya maua kabla ya kutaja jina lolote gumu. Penseli humlazimisha mtoto kuamua juu ya kila mstari: umetoka wapi, na unakwenda wapi? Mtu aweza kutazama bila ya kuona kwa muda wa saa nzima. Hawezi kuchora kwa uaminifu kwa dakika 10 bila ya kuona.

Kuna jambo jingine zito zaidi ambalo kuchora kumenionyesha, nalo lahusu haki. Katika sekondari za Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi atokaye shule ya msingi ya Kiswahili huingia kidato cha kwanza kama mtu aliyeingia nyumba ya giza. Ajua vitu, lakini hana maneno. Nilikuwa na mvulana wa namna hiyo, mwana wa mvuvi, ambaye walimu wenzangu walimhesabu kuwa mzito. Somo la jiografia lilikuwa juu ya pepo za nchi kavu na za bahari. Alipoulizwa kwa Kiingereza alinyamaza. Alipopewa karatasi alichora ngalawa mbili. Ya kwanza ilikuwa ikitoka alfajiri, tanga limefura kuelekea baharini. Ya pili ilikuwa ikirudi alasiri, tanga limefura kuelekea pwani, na juu ya nchi kavu alichora mishale ya hewa ipandayo kutoka mchangani chini ya jua. Hapakuwa na mshale hata mmoja uliokosewa. Kama angalikosea elimu, ngalawa zake zingalikwenda kinyume cha upepo, na yeye mwenyewe angalicheka.

Mchoro ule haukumgeuza kuwa mwanafunzi wa kwanza. Mtihani ulikuwa ukimngoja kwa maneno ya Kiingereza, si kwa ngalawa, na ilitubidi tuyabandike maneno juu ya mchoro wake moja moja, kwa majuma mengi, mpaka aweze kuyaandika peke yake. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumfundisha maneno mtu ambaye wajua kuwa anafahamu, na kumfundisha mtu uliyekwisha kumhukumu kuwa hafahamu. Ni wanafunzi wangapi waliohukumiwa hivyo kwa kuwa mlango mmoja tu ulifunguliwa, na wao hawakuwa na ufunguo wake? Sanaa ndani ya somo ni mlango wa pili. Kuufunga kwa hoja ya kuokoa wakati ni kuokoa dakika na kupoteza watu.

Historia yahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu katika historia sanaa yaweza kudanganya. Darasa langu moja lilitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa toka mwaka 1905 hadi 1907. Mwanafunzi mmoja alihitaji kina cha "sa", akavimaliza vita mwaka wa tisa badala ya mwaka wa saba. Utenzi ukanyooka, na historia ikapinda. Kwa kipimo changu, hapo sanaa haikuwa bado ndani ya somo. Tuliweka sheria kwamba kina kimtumikie mwaka, si mwaka kukitumikia kina. Mtunzi akatafuta vina vingine, na kwa kuvitafuta akausoma upya mwisho wa vita, njaa iliyofuata na watu waliokufa kwa njaa hiyo. Sheria iliyomfunga ndiyo iliyomrudisha kitabuni.

Maigizo yalikwenda mbali zaidi. Ebrahim Hussein alikwisha kuonyesha, katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, jinsi jukwaa liwezavyo kubeba swali ambalo kitabu cha tarehe hakilibebi. Sisi hatukuigiza tamthilia hiyo. Tulitunga onyesho fupi la shamba la pamba katika nchi ya Wamatumbi, kabla ya siku ile ya Julai 1905 ambapo watu waling'oa pamba. Kulikuwa na wakulima, jumbe, akida na askari. Mvulana aliyepewa nafasi ya akida alimwigiza kama jitu la kuchekesha, lenye kupiga kelele na kuzungusha kiboko. Darasa lilicheka, kisha likachoka. Msichana aliyeigiza mkulima akasimama akasema, "Mwalimu, akida wa namna hii hatumwogopi. Sasa kwa nini wao walimwogopa?" Na yule mvulana, akiwa bado na fimbo mkononi, akauliza, "Na mimi akida, namwogopa nani?" Maswali hayo mawili yalitupeleka kwa bwana mkubwa wa wilaya aliyemweka akida, na kwa serikali ya kikoloni iliyotaka pamba, na kwa viwanda vilivyoingoja Ujerumani. Igizo baya lilikuwa historia mbaya. Na igizo liliposahihishwa, historia nayo ilisahihika.

Sasa nije kwenye hoja za wanaopinga, maana wapo wenye akili njema miongoni mwao.

Wa kwanza husema kuwa wakati hautoshi. Sitaficha gharama: somo la makofi lilikula vipindi viwili mahali ambapo maazimio ya kazi yaliandika kimoja. Lakini hesabu ya wakati yapasa ifanywe kwa muhula, si kwa kipindi. Jambo lililofundishwa kwa kipindi kimoja na kurudiwa mara nne ni ghali kuliko lililofundishwa kwa vipindi viwili na kukaa.

Wa pili husema kuwa hana zana, na wanafunzi ni wengi. Kati ya mambo niliyoyataja, hakuna lililohitaji zaidi ya mikono, majani, mchanga, penseli na kauli za bibi. Shule yenye maabara na vitabu vya kutosha yaweza kuishi bila ya sanaa ndani ya somo, ingawa itaishi kwa unyonge; shule isiyo na kitu haiwezi. Ni ajabu kwamba sanaa yahesabiwa kuwa anasa ya shule za matajiri, hali ndiyo zana pekee ambayo shule ya maskini imekwisha kuwa nayo.

Wa tatu ni mzazi. Mzee mmoja wa heshima alinijia akasema, "Mwalimu, sikumleta mwanangu shuleni kucheza ngoma." Nilimjibu, "Ni haki yako, mzee wangu, na hatachezeshwa." Binti yake nilimpa bikari, achore ua la petali sita kama yale ya nakshi za milango. Ncha ya bikari huzungushwa juu ya duara kwa upana uleule wa nusu kipenyo, na mara ya sita hurudi pale ilipoanzia. Pembe 6 za nyuzi 60 hutimiza nyuzi 360. Bikari ikifunguka kwa unene wa unywele, ua halifungi. Hapo pia kosa la sanaa lilikuwa kosa la somo. Baadaye yule mzee alinipelekea salamu kwamba amemfundisha bintiye kuchora duara kubwa kwa msumari na uzi, kama alivyofundishwa na baba yake aliyekuwa seremala. Sanaa ina adabu yake, na kila nyumba ina mlango wake wa kuingilia. Mwalimu apiga hodi, havunji.

Wa nne ndiye mgumu kuliko wote, naye ni rafiki yangu mshairi. Husema kuwa nimemfunga farasi kwenye mkokoteni: kwamba sanaa huishi kwa ajili yake yenyewe, na kuifanya mtumishi wa K.D.S. ni kuidhalilisha. Nusu ya neno lake naikubali. Sanaa ndani ya masomo haiwezi kuwa badala ya somo la sanaa lenyewe, na nafurahi kwamba mitaala mipya ya Kenya na Tanzania imejaribu kuipa sanaa nafasi iliyo wazi zaidi. Laiti nafasi hiyo isibaki kwenye karatasi. Nakubali vilevile kwamba si kila somo lina sanaa ndani yake, na kuilazimisha ni kurudi kwenye kubandika. Lakini nusu ya pili naikataa. Ibn Majid hakuudhalilisha ushairi alipoutia nyota, wala nyota hazikudhalilika kwa kutiwa mizani. Mtoto aliyezihesabu mizani 64 kwa vidole vyake husikia ubeti uliopungua mizani moja kama asikiavyo jiwe katika wali. Huyo ndiye msomaji ambaye mshairi amekuwa akimtafuta.

Wanafunzi wangu wa ualimu huniuliza mara nyingi, "Mwalimu, na sisi tusiojua kuimba wala kuchora tufanyeje?" Nawaambia kwamba hawahitaji kuwa wasanii, wahitaji kuwa watu wanaojua nani ni fundi wa nini katika kijiji walichopelekwa, na wasioona haya kumwalika. Nawaambia zaidi kwamba wasianze maandalio yao kwa kujiuliza, "Nitawafurahishaje watoto leo?" Waanze kwa kujiuliza, "Somo hili lina umbo gani?" Vitu virudivyo kwa zamu vina mapigo, vitu vijipangavyo vina nakshi, vitu vigombanavyo vina igizo, vitu vyenye sura vyataka kuchorwa. Wakiliona umbo, sanaa yake watakuwa wamekwisha kuipata, na furaha ya watoto itakuja yenyewe bila ya kuitwa. Wasipoliona, basi wafundishe siku hiyo kwa maneno na chaki, kwa uaminifu, na kesho watazame tena.